Mume kagoma kuandika talaka, na fomu ya baraza imeshapitwa na muda. Nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu usiliweke maana huku kwetu Tandahimba tunajuana wote, niite Mama Watatu inatosha. Naandika usiku wanangu wameshalala na simu chaji inaisha kwahiyo nikiruka ruka unisamehe.

Mie niliolewa 2013, ndoa ya msikitini na cheti cha Bakwata ninacho mpaka leo kipo kwenye sanduku. Tuna watoto watatu, mkubwa yuko darasa la tano, wa kati la pili, mdogo ana miaka minne. Tulianza maisha kwenye chumba kimoja kwa mama yake, baadae mjomba wangu akanipa shamba ekari mbili lina mikorosho ya zamani ishirini na kitu, tukaongezea mingine, kupanda tumepanda wote, ila kumwagilia miche nimemwagilia mimi, maji nabeba kichwani na huku juu kwetu unajua maji yalivyo shida. Ule msimu wa 2017 korosho ilipopanda bei ndo tukajenga nyumba ya tofali na bati. Nilijua nimefika Shangazi.

2022 akapata kazi ya kuendesha gari la mizigo Masasi. Mwanzo alikuwa anarudi kila wiki mbili, ikawa mwezi, ikawa kimya, kuja kuuliza ana mwanamke kule na mtoto wameshazaa. Hela ya matumizi hatumi, ya shule hatumi, mtoto kaumwa malaria ya kulazwa nimempigia mara sita hapokei. Ila ikifika mwezi wa tisa korosho zinaanza kudondoka, anakuja. Anakaa wiki mbili tatu, analala sebuleni, hela za chama cha msingi zikiingia zinaingia kwenye akaunti yake maana shamba waliandikisha jina lake, akishazitoa kaondoka. Na msimu huu uliopita alishauza kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya chama, gunia tatu kabla hata sijaokota, nashtukia mtu kaja mlangoni na gunia zake tupu anadai korosho zake.

Mwaka jana mwezi wa tatu nikaona basi, nikaenda baraza la kata. Akaitwa mara ya kwanza akaja, akalia mbele ya wazee kwamba atajirekebisha. Mara ya pili hakuja. Mara ya tatu mtendaji akampigia simu akasema yuko barabarani hana muda wa mambo ya wanawake. Mwezi wa tano wakanipa fomu kwamba wameshindwa kutusuluhisha. Nilikuwa niende nayo mahakamani wiki ileile, ila baba yake mdogo na shangazi yake wakaja nyumbani wakakaa kwenye mkeka wakaniomba, mwanetu usitupeleke mahakamani tutaaibika, subiri msimu upite akishauza korosho atakupa talaka yako kwa amani na kitu cha kuanzia. Nikawaheshimu nikasubiri. Msimu ukaja ukapita. Mwezi wa pili mwaka huu nikamuuliza, akanijibu "siandiki, utazeekea hapo hapo".

Nikachukua fomu yangu nikaenda mahakama ya mwanzo. Karani akaangalia tarehe akaniambia mama hii imepitwa, ilitakiwa uilete ndani ya miezi sita. Shangazi nilitoka pale nikakaa chini ya mwembe nje sijui hata kwa muda gani.

Sasa kila mtu ana lake. Jirani ananiambia usihangaike, mkitengana miaka mitatu ndoa inajifia yenyewe. Shoga yangu kasoma kwenye simu kwamba siku hizi talaka ni wiki 26 tu hata mume asipotaka. Ustadhi mmoja kasema mwanaume asipotamka hakuna talaka, labda nijivue nirudishe mahari. Mama yangu nae anasema hajanigusa mwaka na zaidi kwahiyo eda nimeshakaa na imeisha, niko huru. Na nisikufiche, kuna mtu, fundi ujenzi, mstaarabu, ameshatuma salamu kwa mjomba anataka kuleta posa.

Naomba unijibu. Akiendelea kugoma mie nitasubiri mpaka lini? Fomu ndo imekufa naanza upya? Shamba na nyumba itakuwaje? Na huyu mtu naweza kumkubalia? Nimechoka Shangazi, sio ugomvi, nimechoka tu.

Mama Watatu, Tandahimba

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale chini ya mwembe. Nianze na lile linalokunyima usingizi kabisa: mumeo kugoma hakukufungi. Talaka ya kisheria haiandikwi na mume wala haitolewi na ukoo, inatolewa na mahakama, na mahakama haimuulizi mume kama ameridhia, inauliza kitu kimoja, hii ndoa imevunjika kiasi cha kutoweza kurekebishika au bado? Ndivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyosema na inawahusu wote, wa msikitini, wa kanisani, wa bomani na wa kimila. Yeye atapewa nafasi ya kusema, akitaka kusema bado anakupenda atasema, hakimu atamsikiliza. Lakini neno lake ni ushahidi unaopimwa kama wa kwako, halina nguvu ya kuzuia.

Kwahiyo swali lako la nitasubiri mpaka lini, nalijibu kwa kukugeuzia. Hapa kwetu sheria haina muda wa kumsubiri mume anayekataa. Muda ulioko ni wa aina nyingine, na wanaokushauri wamechanganya kila kitu kwenye sufuria moja, ngoja nitenganishe.

Miaka mitatu ya jirani. Hiyo namba ipo kweli kwenye sheria ila kazi yake sio hiyo. Mtu akimtoroka mwenzake kwa makusudi miaka mitatu au zaidi, au wakatengana kwa hiari au kwa amri ya mahakama ikapita miaka mitatu, hiyo ni moja ya dalili ambazo mahakama inaweza kuzichukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Ni ushahidi tu. Ndoa haijifii yenyewe, hata mkae mbalimbali miaka ishirini bado ni mke na mume mpaka mahakama itamke. Nimeona wakinamama huku Kusini wamezeeka wakiamini waliachika zamani, mzee anakufa Dar es Salaam ndo unaanza msiba wa pili wa mirathi, nani mjane na nani sio.

Na kwako wewe nisingeegemea kabisa kwenye huo utoro wa miaka mitatu. Anarudi kila msimu, analala kwenye nyumba, majirani wanamuona, atasimama mahakamani aseme mimi sijaondoka nilikuwa kazini na korosho navuna na mke wangu kila mwaka, na hapo utaanza kubishana kuhesabu siku. Huna haja. Sheria inataja na mambo mengine ambayo hayana miaka ya kusubiri hata mmoja: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, na kutelekeza kwa kukusudia. Uzinzi una mtoto Masasi. Kutelekeza una miaka mingapi ya ada, chakula na hospitali umelipa peke yako. Hayo ndo ya kusimama nayo, na mengine yote yanaingia kama nyongeza.

Wiki 26 za shoga yako. Hajadanganya, ila hiyo ni sheria ya Uingereza na Wales. Kule tangu tarehe 6 Aprili 2022 mtu mmoja akifungua maombi anasubiri wiki 20, halafu wiki 6 nyingine, na mwenzake hana nafasi ya kupinga eti kwa sababu tu hataki. Zamani kwao mwenza akigoma, na huna cha kumthibitishia kama uzinzi au ukatili, ilibidi utengane nae miaka mitano kwanza. Kwahiyo na wao wamelia sana kabla ya kufika hapo. Ila haituhusu mwanangu, hakimu wa Tandahimba hahesabu wiki za London.

Eda ya mama. Mwambie mama kwa heshima zote kwamba eda inahesabiwa kuanzia talaka, sio kuanzia siku mume alipoacha kukugusa. Hujaachika, kwahiyo hujaanza hata siku moja ya eda. Ukishaachika ndo utakaa tohara zako tatu, yaani vipindi vitatu vya kutoharika na hedhi.

Sasa ya ustadhi, hii nataka uisome taratibu maana ndipo wengi wanapoteleza. Kwenye dini mlango wako upo, kujivua upo, na masheikh wanaweza kukuangalizia kuvunja ndoa kwa mume asiyehudumia, hayo ongea na sheikh unayemwamini na mimi siyaingilii. Lakini karatasi ya sheikh peke yake mbele ya serikali haijavunja ndoa. Kwa ndoa ya Kiislamu sheria imeweka mpangilio: kwanza baraza lithibitishe limeshindwa kusuluhisha, baada ya hapo ndo mmoja wenu afanye lile ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, halafu mahakama ikiyaona hayo inatakiwa itamke kwamba ndoa imevunjika na itoe talaka. Angalia mpangilio, baraza ndo linatangulia. Kuna kesi ya talaka ilifika mpaka Mahakama ya Rufani ikasikilizwa hapahapa Mtwara, watu wameshapita mahakama ya mwanzo, ya wilaya, Mahakama Kuu, mali zimeshaamuliwa, majaji wakakuta hakuna cheti halali cha baraza, wakafuta kila kitu. Miaka yote ile imepotea kwa sababu ya karatasi moja. Ndo maana karani alivyokurudisha, najua uliumia, lakini alikuepusha na hilo.

Basi tuje kwenye hiyo fomu, maana kwako kila kitu kinaanzia hapo.

Ndio, imekufa. Sheria inasema ombi la talaka liambatane na cheti cha baraza kilichotolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Wewe ulipewa mwezi wa tano, ukasubiri msimu wa korosho, mwezi wa kumi na moja ikaisha nguvu ukiwa bado unasubiri ahadi ya wazee. Sisemi walikutega kwa makusudi, inawezekana kabisa waliomba kwa moyo safi kuokoa jina la ukoo, lakini matokeo ni yaleyale. Nakuomba sana wakija tena kukaa kwenye mkeka, wape chai, wasikilize, uwaambie shauri likiwa mahakamani bado wanaweza kuongea na mtoto wao na mkapatana, hakuna anayewakataza, ila kufungua unafungua. Maana miezi sita inahesabiwa mpaka siku unayofungua shauri, sio mpaka siku ya hukumu. Ukishafungua ndani ya muda, hata kesi ikachukua mwaka fomu yako imeshafanya kazi yake.

Kwahiyo unarudi baraza. Sio kuanza maisha upya, ni kuomba usuluhishi tena. Waambie tulikuja mwaka jana, hii hapa fomu ya zamani, hali haijabadilika, naomba mumwite tena. Waombe kila wito uandikwe tarehe, na asipokuja waandike kwamba aliitwa na akakataa. Hilo la kukataa ni la muhimu kwa sababu sheria yenyewe inasema mtu akiitwa baraza akagoma kwa makusudi, kutokupitia baraza hakumzuii mwenzake kufungua kesi, na ndivyo ilivyo pia kama mume hajulikani alipo, au yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, au amefungwa miaka mitano na zaidi. Lakini usiende mahakamani ukategemea huo msamaha wakati baraza lipo hatua chache kutoka kwako, chukua fomu, fomu haina ubishi.

Na ukipewa usiikunje ukaweka kwenye pochi ukaondoka. Isome palepale. Angalia majina yenu yote mawili yamekaa sawa kama kwenye cheti cha ndoa, jina la baraza lipo, imesainiwa, ina tarehe, na imeandikwa kabisa kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Barua ya mtendaji ya "namtambulisha kwenu mama huyu ana tatizo la ndoa" sio cheti, wengi wamerudishwa kwa hilo. Halafu chukua kalenda uandike ile tarehe, hesabu miezi sita, ila wewe ukae kwenye wiki moja, usifike hata mwezi.

Wakati unasubiri wito wa baraza kusanya vitu. Risiti za shule, kadi ya hospitali ya siku ile mtoto alipolazwa, meseji ulizomtumia ambazo hakujibu na ile aliyojibu kwamba haandiki, usifute hata moja na umpe ndugu unayemwamini akutunzie picha zake. Yule mtu wa kangomba aliyekuja na gunia tupu, kama yuko tayari kusema, ni shahidi mzuri kuliko unavyodhani. Balozi na jirani wanaojua nani analisha hao watoto nao wanafaa.

Shamba na nyumba. Hapa nitakwambia ukweli wote, ulio upande wako na usio upande wako. Nyumba mmejenga ndani ya ndoa kwa korosho mliyolima wote, hiyo ni mali ya chumo la pamoja, mahakama ina mamlaka ya kuigawa na inaangalia mchango wa kila mmoja. Na mchango sio hela peke yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa, na toka hapo hakuna mtu wa kukwambia ulikuwa umekaa tu. Maji uliyobeba kichwani kwenda kwenye miche yaseme mbele ya hakimu, usione aibu, useme ndoo ngapi kwa siku na ulikuwa unayatoa wapi.

Shamba ndo lina kazi. Mjomba alikupa wewe, na huku kwetu kila mtu anajua shamba la mjomba lina maana gani, ila karatasi za chama zina jina la mumeo, na sheria inaanza na dhana kwamba mali iliyoandikwa jina la mmoja ni ya huyo mpaka athibitishe mwingine vinginevyo. Dhana inavunjwa kwa ushahidi. Kwahiyo mjomba wako akiwa bado ana nguvu zake nenda nae ofisi ya kijiji sasa hivi, sio baada ya kesi, mpate maandishi kwamba alikupa yeye, mwaka gani, mpaka na nani, na waliokuwepo wasaini. Yule mzee akifariki kabla hajasema, utabaki wewe na jina la mumeo kwenye daftari la chama. Na ujiandae pia kwamba ile mikorosho mliyoongeza atadai sehemu, kwasababu mali ya mmoja ikiendelezwa sana na wote wawili inaweza kuingia kwenye kugawanywa. Kama alipalilia na kupulizia salfa miaka hiyo ya mwanzo, usiseme hakufanya, hakimu akikukamata kwenye uongo mdogo atakutilia shaka kwenye ukweli mkubwa.

Na hela za msimu unaokuja, shauri likishafunguliwa mwambie hakimu mapema hizo malipo zinaingia wapi na watoto wanakula nini, mahakama inaweza kuamuru mume atoe matunzo hata kesi haijaisha. Usisubiri aulize.

Watoto. Mdogo ana miaka minne, sheria inaanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama. Wakubwa mahakama inaangalia maslahi yao na inaweza kuwauliza wenyewe. Popote watakapokaa baba analipa, kuachana na mama hakumfuti ubaba.

Sasa huyu fundi. Mwanangu nakupenda ndo maana nasema bila kuzunguka: hapana, sio sasa. Mwanamke mwenye ndoa hawezi kufunga ndoa nyingine, hiyo ya pili inakuwa batili na ni kosa la jinai, na hata ukisema ni posa tu hatufungi ndoa, mumeo siku ya kesi atasimama aseme mke wangu ndo ana bwana, ule ugoni wa Masasi uliokuwa silaha yako ataugeuza. Mjomba amjibu kwa wema kwamba binti yetu yuko kwenye shauri, akimaliza tutakuita. Kama ni mstaarabu kama unavyosema ataelewa, na kama hataelewa bora ujue sasa kabla hajaingia kwenye maisha ya watoto wako. Na talaka ikitoka usikimbilie kesho yake, mwenzako ana siku 45 za kukata rufaa na wewe una eda yako, zipite kwanza.

Gharama najua inakutisha. Nenda kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako, wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure, mtu yeyote akikuomba hela ya kukuandikia pale ondoka. Ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri watakuelekeza waliko. Mahakama ya mwanzo haihitaji wakili, unaongea Kiswahili chako mwenyewe. Mumeo akipelekewa samansi akagoma kuja kama alivyogoma baraza, ukithibitisha aliipata, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja na likaamuliwa.

Kuna mabinti wawili wa Lindi nao waliniandikia, ndoa zao hazijafika hata mwaka, nawajibu hapahapa kwa kifupi. Nyie sheria yenu ni tofauti kidogo, ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili huwezi kuiombea talaka mpaka mahakama ikupe ruhusa maalum, na ruhusa inatolewa kwa mtu anayepata mateso yasiyo ya kawaida. Anayepigwa asikae kusubiri miaka miwili itimie, aende dawati la jinsia polisi leo na ruhusa aiombe.

Mama Watatu, ofisi ya kata inafunguliwa Jumatatu asubuhi. Nenda na fomu ya zamani, cheti cha ndoa na kalamu yako. Fomu mpya ikitoka nitumie tarehe yake, hata kama ni usiku na chaji imebaki kidogo, nitaiandika kwenye kalenda yangu na mimi, na ikifika wiki mbili sijasikia umefungua shauri nitakutafuta mwenyewe.

Shangazi